Mtu wa Bara Kuingizwa Mjini

Kabla Rashidi Mfaume Kawawa hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962, watazamaji wa sinema walikuwa wamekwisha kumwona katika sura nyingine kabisa, sura ya mtu wa shamba anayetumbua macho mbele ya majumba ya mji asijue ni nani rafiki na ni nani mwivi. Katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye ndiye aliyeshuka Dar es Salaam na fedha mfukoni na imani moyoni, akaangukia mikononi mwa walaghai, wakamhadaa huku hadhira ikicheka. Hadithi ni nyepesi kama inavyosikika. Walakini ndani yake mlikuwa na asili ya namna nzima ya sinema ambayo Waswahili wameipenda tangu siku hizo: kichekesho cha uhalifu, kinachotengenezwa kwa fedha haba, juu ya watu wa kipato kidogo ambao hawana hakika ya mlo wa jioni.

Kijana aliyeigiza ubwege huo hakuwa bwege. Alikuwa ametoka katika Shule ya Serikali ya Tabora, ile iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa nia ya kuwaelimisha watoto wa machifu, na ambayo kabla yake ilikuwa imempitisha Julius Nyerere. Kawawa hakuwa mtoto wa chifu. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya wanyama wa porini huko kusini, na masomo ya Tabora yalipokwisha, na njia ya Makerere ikiwa wazi mbele yake, aliiacha, akatafuta mshahara ili apate kuwasomesha wadogo zake. Akaingia utumishi wa serikali katika mambo ya ustawi wa jamii, na huko ndiko sinema ilikomkuta. Kwa hiyo hesabu ya nyumba ya watu wengi yenye mshahara mmoja, ambayo ndiyo roho ya vichekesho vya namna hii, hakuhitaji kufundishwa na mtengenezaji yeyote wa filamu.

Mtengenezaji mwenyewe alitoka mbali. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepatana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg itengeneze filamu za hadithi kwa Kiswahili, wachezaji wakiwa Waafrika wasiokuwa na mafunzo ya uigizaji, na mandhari yakiwa ni mitaa ileile ambayo watazamaji waliikanyaga kila siku. Mbali na Muhogo Mchungu zilitoka nyingine kama Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Gharama zilikuwa ndogo, na nia ilikuwa kubwa: kumchekesha Mwafrika, na katika kicheko kumwonya. Wala onyo hilo halikuwa jipya, kwa maana tangu mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza wengine walikuwa wamepiga kambi Vugiri, karibu na Korogwe, katika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wakitengeneza filamu zisizokuwa na sauti ndani yake, sauti ikitoka katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Moja katika hizo ilihusu Benki ya Posta: vibarua wawili wa shamba wanapokea ujira wao, mmoja anaufukia ardhini ndani ya nyumba yake na mwivi anauchimbua, mwenzake anauweka benki na usingizi wake hausumbuliwi. Sina shaka kwamba watazamaji walimkumbuka yule mwivi kuliko walivyoikumbuka benki.

Sasa yafaa tujiulize ni nani hasa aliyekuwa mhalifu katika nyakati hizo. Mwaka 1944 serikali ilipitisha sheria iliyowapa maafisa uwezo wa kuwatoa katika miji Waafrika wasiotakiwa, yaani mtu asiyekuwa na kazi ya kuonyesha aliweza kukamatwa Dar es Salaam na kupakiwa arudishwe kwao, hata kama hakumwibia mtu sindano. Tazama basi ajabu ya mambo: katika sinema mtu wa shamba ni madhulumu, anaibiwa na watu wa mji na sisi tunamhurumia huku tukimcheka, nje ya mlango wa sinema mtu yuleyule, akiisha kuibiwa na kubaki hana senti, alikuwa yeye ndiye mkosaji. Filamu na sheria zilikuwa zikisema neno moja kwa sauti mbili: rudi kwenu.

Hapa ndipo mtu wa Tabora ana haki ya kusimama na kutoa ushahidi wake, kwa kuwa njia ya kutoka bara kwenda pwani ilikuwa njia yake kabla haijawa hadithi ya sinema. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na mabega yaliyoibeba biashara hiyo yalikuwa kwa sehemu kubwa mabega ya Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, pembe au nguo au ushanga, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kwenda pwani ilikuwa sifa ya ujana. Kijana aliyekuwa hajaiona bahari alikuwa bado hajamaliza kukua machoni pa wenziwe.

Na alipofika Bagamoyo, alikutana na nini? Alikutana na watu wa mji waliomwita mshenzi, na madalali ambao aghalabu ndio waliokuwa wenyeji wake, wakampa mahali pa kulala na kumuuzia pembe zake, na katika mauzo hayo ukarimu wa mwenyeji na faida ya dalali vikachanganyika hata mgeni asiweze kuvitenga. Mjinga wa Muhogo Mchungu, kwa sura ya nje, ni huyu. Lakini wapagazi hawakuwa mabwege walioandikwa baadaye na waandishi wa hadithi za serikali. Walijua bei ya bega lao. Waligoma njiani posho ilipopungua, wakaweka mizigo chini na kumwacha mwenye msafara akipiga kelele peke yake porini. Na wako waliopokea malipo ya kwanza kwa huyu, wakatoroka usiku, wakapokea tena kwa yule. Pwagu hupata pwaguzi.

Kisa cha Henry Morton Stanley chatosha kuwa filamu. Mwaka 1871, alipokuwa Bagamoyo akikusanya watu wa kwenda kumtafuta Livingstone, mwandishi huyu wa gazeti la Marekani, aliyekuja na bunduki, mahema na fedha za tajiri wa New York, alimkabidhi kijana dalali aitwaye Soor Hadji Palloo kazi ya kumpatia wapagazi, na katika kitabu chake alichokitoa mwaka uliofuata ametumia maneno mengi makali kulalamika jinsi kijana huyo alivyomzungusha: nguo zilizohesabiwa si nguo zilizotolewa, wapagazi walioahidiwa si wapagazi waliofika, na kila hesabu iliposahihishwa ilizaa hesabu nyingine yenye makosa mapya. Mzungu huyo mkali, aliyefika Unyanyembe mwezi wa Juni na kukaa katika tembe la Kwihara ambalo mpaka leo wageni huenda kulitazama, alikuwa ameingizwa mjini kabla hajauacha mji. Ajabu ni kwamba hakuna serikali iliyotengeneza filamu juu yake ya kumwonya arudi kwao.

Nimeyasema haya kwa sababu fasihi yetu wenyewe ilikuwa na mizani nyingine. Abunuwasi, ambaye hekaya zake zilisimuliwa barazani kabla hazijachapwa kitabuni, ni fakiri mwenye nyumba, mke na madeni. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani yake, akisema imezaa. Jirani anapokea kwa furaha bila ya kuuliza. Siku nyingine anaazima tena, harudishi, na akidaiwa anajibu kwa huzuni kwamba sufuria imefariki, na jirani aliyekubali uzazi anakosa ulimi wa kukataa kifo. Huo ni wizi mtupu. Hata hivyo kadhi wa hadithi hii ni msikilizaji, na msikilizaji humwachilia Abunuwasi, kwa kuwa aliyeibiwa ameibiwa kupitia mlango wa tamaa yake mwenyewe. Filamu za serikali ziliuchukua ufundi huu wa kale zikaugeuza: hila akapewa tajiri wa mji, ujinga akapewa maskini.

Uhuru ulipokuja, mtu angetarajia hadithi ibadilike, na kwa kiasi ilibadilika. Kawawa, aliyeigiza kuhadaiwa, alikuwa amekwisha kuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, lililoundwa mwaka 1955, akiwatetea makuli na makarani waliokuwa wakihadaiwa kweli. Lakini Kampuni ya Filamu Tanzania ilipotengeneza Fimbo ya Mnyonge, katika miaka ya 1970, tulimwona tena kijana wa shamba akienda Dar es Salaam, akikosa kazi, akitaabika, na hatimaye akipata wokovu katika kijiji cha ujamaa. Na mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wakaulizwa vitambulisho mitaani na wasiokuwa na ajira kusafirishwa. Nia ya serikali ya uhuru ilikuwa njema kuliko ya ile ya kikoloni, na sitaki kuzilinganisha kwa uzito. Nasema tu kwamba mwisho wa hadithi ulikuwa uleule. Iliyoponyoka katika zama hizo ilikuwa redio, kwa maana mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, uliopendwa mno katika Radio Tanzania Dar es Salaam, ulikuwa juu ya walaghai wawili ambao hila zao ziliwarudia wenyewe, na hakuna aliyewaamuru wakalime.

Kilichoigeuza hadithi hatimaye hakikuwa siasa, kilikuwa kamera ya video. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kamera ilipokuwa kitu cha kuazimwa kwa jirani mwenye shughuli za harusi, filamu zikaanza kutengenezwa na watu wa uswahilini wenyewe, zikauzwa kwa kanda na baadaye kwa sahani, zikaonyeshwa katika mabanda ya video ambayo vijana, kwa sababu ya joto na mabenchi yake, wameyaita vibanda umiza. Hapo ndipo walipotawala wachekeshaji kama Amri Athumani wa Tanga, tuliyemwita King Majuto, aliyefariki mwezi wa Agosti 2018. Na jambo la kwanza ninaloliona katika vichekesho hivyo ni kwamba hakuna anayeambiwa arudi kwao. Baba amefukuzwa kazi, mama anauza vitumbua, mtoto ameacha shule, mjomba amekuja kwa siku tatu na huu ni mwezi wa nne, na wote wamo mjini na watabaki mjini, kwa heri au kwa shari. Swali la filamu ni jingine: kodi ya nyumba italipwaje kabla ya Ijumaa?

Uhaba wa fedha, ambao wengi huuhesabu kuwa aibu ya sinema yetu, ndio uliofinyanga umbo hili. Filamu ya mapigano yataka magari ya kuvunja, na ya kihistoria yataka mavazi na farasi. Kichekesho cha uhalifu chataka uongo mmoja, sebule moja, na mlango. Mlango hasa. Mtazame mchekeshaji stadi anavyoutumia: fungu la fedha za watu limefichwa ndani ya ndoo ya unga, mke hana habari, na mume amekaa juu ya kochi lenye kitambaa cha kufuma akijifanya kusoma gazeti la juzi. Hodi ya kwanza ni mwenye nyumba. Anaambiwa baba hayupo, na baba mwenyewe ndiye anayesema hivyo kwa sauti ya kike kutoka chumbani. Hodi ya pili ni jirani anayetaka kuazima unga, na mke, kwa ukarimu wake, ananyanyuka na bakuli. Hodi ya tatu ni askari, amevaa kiraia kwa sababu sare haiazimwi, na hakuja kwa ajili ya zile fedha, amekuja kuuliza njia tu. Lakini mume amekwisha kuungama kila kitu pamoja na makosa ambayo hayajatendeka. Hakuna hata shilingi moja iliyotumika zaidi ya nauli za wachezaji, na mtazamaji hajui aangalie wapi, ndooni au mlangoni.

Waliojifunza jambo hili si sisi pekee. Nchini Italia, nchi ikiwa bado inajikongoja kutoka katika vita, Mario Monicelli alitoa mwaka 1958 filamu iliyoitwa I soliti ignoti, juu ya maskini wa Roma waliokusudia kuvunja ukuta wa nyumba ili waingie katika duka la rehani na kulifungua kasha la fedha. Mmoja wao analea mtoto mchanga peke yake kwa sababu mke yumo gerezani kwa kuuza sigara za magendo, na kila mpango wa wizi unasimama mtoto akilia. Usiku wa kazi ukafika, wakapiga nyundo, ukuta ukaanguka, na tazama, wametokea katika jiko la nyumba ileile waliyomo. Wakaketi, wakala tambi na dengu walizozikuta, wakaenda zao. Mwishoni mmoja wao, akiwakimbia askari, anajichanganya katika umati wa vibarua mlangoni mwa kiwanja cha ujenzi, anasukumwa ndani, na rafiki yake mzee anampigia kelele kwamba huko watamfanyisha kazi! Naiweka filamu hii juu kuliko nyingi zilizopata sifa baadaye, kwa kuwa haimwonei mtu wake hata mmoja. Anayetaka kuona jambo hilohilo likifanywa kwa mamilioni ya fedha na kwa uchungu zaidi, aitazame Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyotoka mwaka 2019, ambamo familia nzima ya maskini inajipenyeza kwa uongo katika nyumba moja ya kitajiri.

Vichekesho vyetu havijafika hapo, na sababu yake si fedha. Wengi wanadhani mzaha ni kupiga kelele, kutembea kama aliyevunjika nyonga, na kumwiga mtu wa bara lafudhi yake; kila mara bwege akihitajika, anapewa Kiswahili cha Msukuma au cha Mnyamwezi, kama kwamba Tabora, ambako Waswahili wamekaa tangu enzi za misafara, ni mahali pasipojua lugha hii. Hilo ni deni la zamani la Bagamoyo ambalo bado tunalilipa. Na waandishi wa michezo hufuma kisa vizuri mpaka kati, kisha, kwa haraka ya kumaliza siku za kuazima kamera, humleta polisi awakamate wote, na mchungaji au shehe atoe nasaha, yaani hurudi palepale Vugiri kwenye Benki ya Posta.

Laiti kijana wa Tabora angeshika kamera leo, na simu ya mkononi yatosha kuwa kamera, asingekosa kisa. Reli iliyofika mjini hapo mwaka 1912 bado inashusha watu usiku na mizigo isiyojulikana ina nini ndani. Wakulima wa tumbaku wa Urambo bado hupokea malipo yao kwa mkupuo, na mkupuo wa fedha una harufu ambayo jamaa huisikia kutoka mbali. Karata tatu bado zinachezwa penye watu wengi. Na yule dalali wa Bagamoyo amehamia ndani ya simu. Nchi nzima inaujua ujumbe wake, ambao huja asubuhi kutoka kwa mtu asiyejulikana, umeandikwa kama mazungumzo yaliyokatizwa jana: ile pesa itume kwenye namba hii.

Tuseme basi ujumbe huo unaingia katika nyumba moja ya Isevya, mjini Tabora, yenye watu saba na kitanda kimoja cha maana, ambapo mzee, fundi viatu, amekuwa akitafuta nauli ya kumrudisha binti yake shuleni. Mzee hana pesa ya kutuma, wala hakuahidi mtu. Lakini ana adabu ya kale, naye hujibu kila salamu. Anajibu kwamba pesa ipo, mwanangu, ni nyingi kuliko ulivyosema, ila wakala yuko mbali na mguu wanisumbua, hebu nitumie kwanza elfu tano ya bodaboda. Mke anamwambia aache upuuzi, majirani wanakusanyika, na simu inatetemeka juu ya meza: tapeli ametuma elfu kumi, na anaomba radhi kwa mguu.